Mzigo Kwanza

Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alifanya jaribio ambalo mnunuzi yeyote wa pikipiki angelielewa. Shirika lake, London Missionary Society, lilitaka kufika Ziwa Tanganyika bila kutegemea wapagazi. Price alikuwa amefanya kazi kusini mwa Afrika, ambako magari ya kukokotwa na ng'ombe yalikuwa usafiri wa kila siku. Akatoka Saadani na ng'ombe wachache, akafika nao Mpwapwa, akarudi na taarifa njema: njia inafaa. Mwaka uliofuata ukaondoka msafara wenyewe, magari yakiwa yamesheheni. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o na kazi nzito, magari yakakwama, mizigo ikahamia mabegani mwa watu. Wamisionari hao walipofungua kituo Urambo mwaka 1879, vitu vyao vilifika kwa miguu ya wapagazi.

Nilikutana na Price maktabani, lakini nimemwelewa vizuri zaidi kwenye banda la fundi pikipiki.

Niko Urambo kukusanya masimulizi ya upagazi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mji huu uko kilomita 90 hivi magharibi ya Tabora, na jina lake linatokana na Mirambo, mtawala aliyeikalia njia ya misafara hadi alipofariki mwaka 1884. Alipoingia vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora mwaka 1871, njia ya Ujiji ilifungwa, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzungukia kusini. Leo kuna reli na lami. Wazee ninaowahitaji, hata hivyo, wengi hawaishi kando ya reli wala ya lami. Wako ndani, kwenye mashamba ya tumbaku na miombo, ambako njia ni mchanga wakati wa kiangazi na tope jeusi la mbuga wakati wa masika.

Kwa hiyo nimenunua Yamaha DT 125 iliyotumika. Ni pikipiki ya lami na pori kwa pamoja: springi ndefu, gurudumu la mbele kubwa, madigadi iliyoinuliwa juu ili tope lisikwame. Waliokulia vijijini wanaijua kama pikipiki ya bwana shamba au ya padri.

Nilimwomba fundi airekebishe niende kuijaribu. Akaizunguka, kisha akauliza, "Mzigo wako uko wapi?"

Nikamwambia uko nyumbani, nataka kujaribu pikipiki kwanza.

"Mdogo wangu, ukijaribu mtupu utakuwa umejaribu pikipiki nyingine. Nenda kalete."

Nikaleta: hema, madaftari, kinasa sauti, lita 10 za maji, lita 5 za petroli. Akafunga vyote, kisha akachukua kipande cha kamba na kupima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama aliyoiweka chini ya kiti, kwanza gurudumu likiwa hewani, halafu nikiwa nimekaa. Springi ilishuka sentimita 12. Akaikaza mpaka ikashuka 8, karibu theluthi ya urefu inaoweza kwenda. Ikishuka mno, alinieleza, nyuma inakaa chini, mbele inakuwa nyepesi, na usukani unayumba mchangani. Isiposhuka kabisa, gurudumu linarukaruka badala ya kufuata mashimo. Mnyororo nao aliupima nikiwa juu na mzigo wangu, kwa sababu hukaza kadiri gurudumu linavyosukumwa juu. Ukiuweka sawa pikipiki ikiwa tupu, unaweza kukatika kwenye shimo la kwanza. Mwisho akatoa upepo kwenye matairi hadi paundi 18, ili yatanuke na kuelea juu ya mchanga.

Kwenye lami sikuona tofauti kubwa. Kwenye njia ya shamba ndipo nilipoiona. Unasimama juu ya vikanyagio, magoti yanabana tangi, mafuta hayapunguzwi ovyo, macho yanatazama mbali. Baada ya kilomita chache nikahisi kuvutwa kushoto. Niliporudi, fundi alihamisha dumu la maji, akalishusha na kulisogeza mbele, nikatoka tena. Tulifanya hivyo mara tatu.

Ujuzi huu una historia ndefu hapa. Burton, aliyepita Unyanyembe mwaka 1857, alieleza jinsi vitambaa vilivyofungwa kuwa mtumba mrefu kama mto wa kitanda na kukazwa kwa vijiti vyenye panda. Panda zilisaidia mzigo uegemee mti bila kulala chini, na mbebaji auinue bila kuinama hadi ardhini. Uzito ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Watu wa pwani walibeba kichwani. Wanyamwezi walipenda bega. Hayo yalikuwa marekebisho ya kitaalamu, yaliyojaribiwa njia nzima kutoka Bagamoyo kwa mzigo halisi. Neno mtumba bado tunalo, ingawa leo linatukumbusha nguo za sokoni kuliko mtu aliyejua kuzifunga.

Miaka 70 baada ya Price, kosa lake lilirudi Urambo likiwa kubwa zaidi. Mwaka 1946 tume ya John Wakefield ilikagua ardhi ya mradi wa karanga kwa wiki tisa, sehemu kubwa ikitazama kutoka kwenye ndege. Uingereza ikapanga kulima zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa, Nachingwea na Urambo zikachaguliwa. Hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimepotea. Mashine zilikuwa na nguvu ya kutosha. Kilichokosekana ni kuzijaribu kwa kazi yenyewe, juu ya udongo wenyewe, huku ukiwauliza wanaouishi.

Nyaraka nyingi ninazozisoma zinawahesabu wapagazi kama mizigo: mizigo 100, mizigo 300. Magari ya Price yanapata kurasa za maelezo. Vijiti vyenye panda vinapata mistari michache. Tukizirithi hesabu hizo bila kuuliza, tutaendelea kuandika kwamba njia hii iliendeshwa na misuli, na kwamba akili ilikuwa ya wenye magari. Ndiyo maana nimebadilisha swali langu la kwanza. Zamani niliuliza, "Babu yako alibeba nini?" Sasa nauliza, "Alifungaje?"

Mzee mmoja, ambaye babu yake alikwenda pwani mara kadhaa, alinyamaza kidogo aliposikia swali hilo.

"Mjukuu wangu, leta mzigo basi. Siwezi kukufungia hewa."

Nikashusha hema. Akatuma mtoto akate fito. Dakika 20 zilizofuata kwenye kinasa sauti ni kamba ikivutwa na mzee akihema. Maneno ni machache sana. Nimezihifadhi zote, pamoja na picha 31 za fundo hilo kutoka kila upande.