Mstari wa Vita wa Norway na Mvua ya Nakapanya

Mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha karibuni, wanasayansi wa Bergen, Norway, chini ya Vilhelm Bjerknes, walieleza kwamba mvua nyingi za Ulaya huzaliwa pale matungamo mawili ya hewa yanapogongana, moja la baridi kutoka ncha ya dunia, jingine la joto kutoka kusini. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hujipenyeza chini; ya joto hupaa, hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu. Mpaka wa hewa hizo wakaupa jina la uwanja wa vita: mstari wa mbele.

Jina hilo lilifika hadi huku. Waingereza walianzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao yake Nairobi, na wataalamu wa enzi hiyo wakawa wanatafuta mstari wa mbele katika nchi za joto pia. Kwetu, hata hivyo, hewa zinazokutana hazipishani sana kwa joto. Kaskazi hukutana na pepo za kusini-mashariki, na upande wa magharibi huingia hewa yenye unyevu kutoka Kongo. Zikishakutana hazina pa kwenda ila juu. Hakuna mshindi wala mshindwa. Ndiyo maana jina la kivita likaachwa, na leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husema ukanda mvua.

Ukanda huo hulifuata jua. Kaskazini mwa nchi hupita mara mbili, nako kuna vuli na masika. Nakapanya, mkoani Ruvuma, iko karibu na mwisho wa safari yake ya kusini, hivyo kwenda na kurudi kwake huungana kuwa msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili.

Nakutana na wanafunzi wanaochora mipaka ya hewa ya Ulaya bila kukosea, lakini wanashindwa kueleza kwa nini Ruvuma haina vuli. Baadhi yao ndio watakaoandika nyaraka za kilimo. Manyunyu ya Novemba huweza kuletwa na joto la mchana tu, ukanda ukiwa bado mbali. Mkulima akihimizwa kupanda kwa mvua hiyo, mahindi huota, hunyauka, na mbegu ya pili huinunua kwa fedha ya korosho.