Ugumba: Mume na mke wapimwe pamoja

NDOA inapopita mwaka wa kwanza na wa pili bila mtoto, macho ya jamii humgeukia mke. Mawifi hunong'ona, mama mkwe huulizia, na mume hushauriwa kuoa mke mwingine. Ni mara chache swali likaulizwa iwapo mume mwenyewe amewahi kupimwa.

Kitaalamu, ugumba ni hali ya mfumo wa uzazi wa mwanamume au mwanamke ambapo mimba haipatikani baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kutumia kinga. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na tatizo hilo wakati fulani maishani mwake.

Mwanamke aliyefikisha umri wa miaka 35 hashauriwi kusubiri mwaka mzima. Anapaswa kumwona daktari baada ya miezi sita, kwa kuwa idadi na ubora wa mayai yake hupungua kadiri umri unavyosonga.

Tatizo hilo pia huwapata watu waliokwisha kuzaa. Mwanamume mwenye mtoto wa zamani hudhani hahitaji kupimwa, ilhali maradhi, umri au dawa huweza kuwa vimebadili hali yake tangu hapo.

Chanzo ni nini?

Ili mimba itungwe, ni lazima yai lipevuke, mirija ya uzazi iwe wazi, mbegu za kiume ziwe za kutosha na zenye uwezo wa kuogelea, na mfuko wa uzazi uwe tayari kukipokea kiinitete. Kasoro katika hatua moja tu hutosha kuzuia mimba.

Kwa mwanamke, homoni zikivurugika yai huweza lisipevuke, na dalili yake mara nyingi ni hedhi isiyo na mpangilio. Mirija nayo huziba kutokana na kisonono au klamidia ambayo haikutibiwa, au maambukizi yanayofuata uzazi au utoaji mimba usio salama. Klamidia ina hatari ya pekee, kwani huweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili yoyote.

Kwa mwanamume, mbegu huweza kuwa chache, dhaifu, au zisiwepo kabisa. Miongoni mwa sababu ni kuvimba kwa mishipa ya damu ya korodani, magonjwa ya zinaa, matumbwitumbwi yaliyompata baada ya kubalehe, uvutaji sigara, na matumizi ya homoni za kutunisha misuli.

Jambo linalowapotosha wengi ni kuchanganya nguvu za kiume na uwezo wa kuzaa. Mwanamume anaweza kulimudu tendo la ndoa bila shida yoyote na bado manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Ukweli huo hauonekani kwa macho, huonekana maabara.

Kipimo rahisi ndicho kinachokwepwa

Kipimo cha manii hakina maumivu. Mwanamume hutakiwa kujizuia kujamiiana kwa siku mbili hadi saba, kisha hutoa sampuli. Kwa mujibu wa mwongozo wa WHO wa mwaka 2021, kiwango cha chini cha rejea ni mbegu milioni 16 katika mililita moja. Jibu likiwa baya, kipimo hurudiwa kabla ya uamuzi kutolewa.

Mke, kwa upande wake, hupimwa homoni katika damu, hufanyiwa ultrasaundi, na pengine hupigwa picha ya eksirei baada ya kutiwa dawa maalumu inayoonyesha iwapo mirija imeziba. Kumpitisha huko peke yake, huku mume hajapimwa, ni kupoteza fedha na miaka isiyorudi.

Upandikizaji mimba

Si kila wenzi huhitaji teknolojia. Wapo wanaofanikiwa kwa vidonge vya kupevusha mayai, kwa kutibiwa maambukizi au kwa upasuaji. Hayo yasipofaa, mayai huweza kuvunwa na kurutubishwa maabara, kisha kiinitete kikarudishwa katika mfuko wa uzazi.

Louise Brown, mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa njia hiyo, alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 25, 1978. Mwaka 1992 wataalamu wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza mafanikio ya kudunga mbegu moja ndani ya yai, hatua iliyowafaa wanaume wenye mbegu chache. Nchini Kenya, watoto wa kwanza wa njia ya maabara walizaliwa Nairobi mwaka 2006.

Hata hivyo, njia hiyo ni ghali, haina uhakika, na haiyarudishii mayai ujana wake. Kupandikiza viinitete vingi kwa pamoja huongeza uwezekano wa kupata mapacha, na mimba ya mapacha ina hatari zaidi ya kuzaa kabla ya wakati na ya shinikizo la damu.

Mimba ikipatikana

Mwanamke anayetafuta mtoto anashauriwa kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kabla ya mimba na katika wiki 12 za mwanzo, ili kupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. WHO inapendekeza mahudhurio manane ya kliniki, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12 kutimia.

Kutokwa damu, kuumwa kichwa kupita kiasi, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, au mtoto kuacha kucheza ni dalili za kuwahi hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wenzi ambao bado wanasubiri, hatua ya kwanza ni kwenda hospitali wote wawili, siku moja, kabla ya lawama na kabla ya talaka.