Gharama zinazoanza mgonjwa akisharuhusiwa kurudi nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

SIKU mgonjwa anaporuhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Bugando, ndugu zake hudhani gharama zimekwisha. Kwa aliyevunjika uti wa mgongo, au aliyepooza kwa kiharusi, hesabu nyingine huanza siku hiyo hiyo: nauli ya kliniki, bandeji, mazoezi ya viungo, kiti cha magurudumu na mtu wa kumgeuza kitandani.

Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa. Wa Sengerema wamepata nafuu tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Wa Ukerewe bado hutegemea meli na vivuko, na mwenye magongo hasafiri peke yake. Nauli huwa ya watu wawili, kwenda na kurudi, na pengine malazi mjini juu yake.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hugharimia kliniki, dawa na mazoezi ya viungo kwa wanachama wake. Nauli na ujira wa anayemhudumia mgonjwa nyumbani havimo.

Mfuko unaomtaja mhudumu huyo waziwazi ni ule wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mfanyakazi aliyeumia kazini, au aliyepata ugonjwa unaotokana na kazi yake, hupata matibabu, utengamao na fidia ya ulemavu. Asiyejiweza pasipo msaidizi huongezewa malipo kwa ajili ya huyo anayemhudumia. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake, mshahara haukatwi. Wengi hawalijui hilo, na baadhi huuza shamba kugharimia kile ambacho tayari kimechangiwa. Mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ya ajali mapema, na anayekawia zaidi ya miezi 12 huhatarisha haki yake.

Lakini mfuko huo huwahusu wenye mwajiri. Mvuvi mwenye mtumbwi wake, mama lishe wa Mwaloni, Kirumba, na dereva wa bodaboda anayejiajiri hawamo.

Kwao hubaki familia. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 huitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee, maneno ambayo mara nyingi humaanisha mke au binti kufunga genge lake ili akae na mgonjwa. Mzee asiye na ndugu anaweza kupelekwa kwenye makazi ya Bukumbi, wilayani Misungwi, lakini hayo ni ya wazee wasiojiweza, si ya kila aliyetoka wodini.

Msamaha wa gharama upo kwa watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na baadhi ya magonjwa sugu. Asiye na uwezo humwona ofisa ustawi wa jamii hospitalini, akiwa na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji chake. Ni vyema barua hiyo itafutwe mgonjwa angali wodini, na daktari aulizwe iwapo kliniki zinazofuata zaweza kufanyika hospitali ya wilaya, karibu na nyumbani.