Mabega na nyonga: Somo la miji mitatu ya Marekani

Mwaka 1954, mjini Louisville, jimbo la Kentucky, mvulana wa miaka 12 aliibiwa baiskeli yake. Polisi aliyemsikiliza, Joe Martin, alikuwa pia mwalimu wa ngumi, naye akamshauri ajifunze kupigana kwanza kabla ya kumtafuta mwizi. Mvulana huyo ni Cassius Clay, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Muhammad Ali.

Waalimu wa ngumi wa zama hizo walisisitiza kanuni moja kwa wote: mikono juu, kidevu chini. Ali aliiacha mikono ikining'inia karibu na nyonga, akakwepa makonde kwa kurudisha kichwa nyuma. Angelo Dundee, aliyeanza kumfundisha mwaka 1960, hakumlazimisha kubadilika. Alitambua kuwa kasi ya miguu yake ndiyo ngao yake.

Hata hivyo, mwili haubaki ulivyo. Machi 8 mwaka 1971, baada ya Ali kukaa nje ya ulingo kwa zaidi ya miaka mitatu, konde la kushoto la Joe Frazier lilimwangusha katika raundi ya 15.

Mjini Columbus, jimbo la Ohio, somo hilo lilikuja kwa njia ya chuma. Katika mashindano ya dunia ya kunyanyua vitu vizito ya mwaka 1970, Vasily Alekseyev wa Muungano wa Kisovieti aliinua juu ya kichwa zaidi ya ratili 500, yaani takriban kilo 227.

Wakati huo mtindo wa kusukuma chuma kutoka mabegani kwa nguvu za mikono ulikuwa unaelekea ukingoni. Wanyanyuaji walijipinda nyuma kama upinde, waamuzi wakashindwa kukubaliana, na hofu juu ya migongo ikaongezeka. Baada ya michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, mtindo huo ulifutwa.

Mwaka uliofuata mnyanyuaji wa Ohio, Louie Simmons, aliumia vibaya pingili ya kiunoni. Alibuni mashine ambayo mtu hulala kifudifudi juu yake, huku miguu ikining'inia na kuinuliwa kutoka nyongani. Ukumbi wake wa Columbus, Westside Barbell, ulipata sifa kubwa, ingawa ulijulikana pia kwa ukali wa mazoezi. Simmons alifariki dunia mwaka 2022.

Sayansi nayo ilieleza kwa nini kipimo kimoja hakiwafai wote. Mwaka 2003, Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walionyesha kuwa tofauti ndogo za umbo la mfupa wa paja au tundu la nyonga zaweza kuifanya mifupa igongane mtu anapochuchumaa sana, na gegedu ikalika. Kwa hiyo upana wa miguu unaomfaa mmoja waweza kumuumiza mwenzake. Ndivyo ilivyo pia kwa bega: si kila mtu awezaye kusukuma chuma kutoka nyuma ya shingo.

Mjini Buffalo, jimbo la New York, fikra hiyo ilifika hata kwenye ubongo. John Leddy na Barry Willer wa Chuo Kikuu cha Buffalo waliwatembeza waliopata mtikisiko wa ubongo juu ya mashine yenye mwinuko unaoongezeka, hadi dalili zilipoanza kuzidi. Mapigo ya moyo ya wakati huo yakawa mpaka wa kila mgonjwa, na mazoezi yake yakapangwa chini yake. Utafiti wao wa mwaka 2019 kwa vijana wanamichezo ulionyesha muda wa kati wa kupona kuwa siku 13, badala ya 17 kwa waliojinyoosha viungo tu.

Leo miji hiyo mitatu ni makazi ya familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na si wachache wanaojipatia riziki kwa kuinua na kubeba. Kwao bega au nyonga ikiharibika, kinachopotea si medali bali mshahara. Maumivu makali ya kiungo si uvivu wa kushindwa kwa nguvu. Ni ishara ya kupunguza uzito, kubadili mkao, au kumwona daktari. Wahenga walikwisha kusema: vidole vya mkono havilingani.