Maganda ya Vichwa vya Treni za Mfano: Kutoka Bati hadi Plastiki

Ufundi wa kukarabati ganda la kichwa cha treni ya mfano, yaani umbo la nje linalofunika mota na mitambo yake, umekuwa ukibadilika kila viwanda vilipobadili malighafi, na ndiyo maana historia yake huanzia kwenye bati. Kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilipoonyesha reli zake za vipimo maalumu katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1891, vichwa vya treni vilikuwa vya bati lililokunjwa na kulehemiwa, kwa hiyo palipobonyea palinyooshwa kwa nyundo ndogo kutoka ndani, na kiungo kilichoachia kikalehemiwa tena.

Aloi ya zinki ilileta uzuri pamoja na balaa. Maganda ya Hornby Dublo, treni zilizotolewa na kampuni ya Meccano ya Liverpool mwaka 1938, yalitengenezwa kwa aloi hiyo, ambayo husukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ikiwa imeyeyuka na kutoa hata vichwa vya ribiti. Lakini aloi iliyochanganyika na risasi, hata kidogo sana, huweza kupatwa na kile kinachoitwa tauni ya zinki, yaani kuoza kunakoanzia ndani ya metali hadi ganda livimbe, lipasuke na kumeguka. Maradhi hayo hayana dawa, na kuyafunika kwa rangi ni kumdanganya mnunuzi.

Plastiki nayo ilianza vibaya, kwani kichwa cha treni kiitwacho Princess Elizabeth kilichotolewa na Rovex ya Uingereza mwaka 1950 kilikuwa cha selulosi asetati, ambayo hupinda na kusinyaa kadiri miaka inavyopita. Polistireni, iliyochukua nafasi yake, ndiyo iliyomfaa fundi wa nyumbani: ufa hupakwa kiyeyushi kinacholainisha kingo zake hadi zishikane zikawa kitu kimoja, na pengo hujazwa puti ambayo, ikishakauka, husuguliwa kwa msasa laini uliolowekwa maji, polepole, kwa kuwa ribiti ikishafutwa hairudi kwa urahisi. Baadaye hufuata rangi, tabaka jembamba juu ya jembamba, kisha namba za kubandika kwa maji.

Hata hivyo, si kila mkwaruzo unastahili kuondolewa. Rangi ya awali ya kichwa cha bati cha kabla ya mwaka 1914 ni ushahidi wa kazi ya kiwandani usioweza kurudishwa, kwa hiyo kisafishwe tu, kisipakwe upya.