Kukataliwa si mwisho: historia fupi ya rufaa ya mkimbizi

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Leo hapa Rusizi tunaongea juu ya karatasi ambayo hakuna anayependa kuipokea: ile inayosema ombi lako la hifadhi limekataliwa. Ukiipata, nani anaweza kuangalia kama ulikataliwa kwa haki?

Wengi wetu hatujakutana na swali hilo. Mkongomani anayevuka mto Ruzizi na kupokelewa kituoni, kwa kawaida anatambuliwa pamoja na wenzake, kama kundi. Warundi waliokimbia 2015 walitambuliwa vilevile. Lakini wako wanaohojiwa mmoja mmoja, na hao wanaweza kuambiwa hapana.

Tuanze mwaka 1951. Mkataba wa Geneva, kifungu cha 16, unasema mkimbizi ana haki ya kufika mbele ya mahakama. Rwanda ilijiunga nao 1980. Sheria ya wakimbizi ya 2014 ilimruhusu aliyekataliwa na kamati akate rufaa kwa waziri. Maana yake, serikali ilikuwa inapitia kazi yake yenyewe. Mwaka 2018 sheria nyingine ikafungua mlango wa pili: Mahakama Kuu ikapewa uwezo wa kusikiliza kesi za hifadhi.

Mlango huo ulikuja kutajwa mbali sana. Aprili 2022 Uingereza ilikubaliana na Rwanda kuwaleta huku watu walioomba hifadhi kule. Baadhi yao, wakiwemo Wasiria, Wairani na Wasudani, walienda mahakamani. Tarehe 15 Novemba 2023, majaji watano wa Mahakama ya Juu mjini London walisema kwa sauti moja kwamba mpango huo si halali. Walikubali kwamba Rwanda iliingia makubaliano kwa nia njema. Hofu yao ilikuwa kwamba maombi hayatachunguzwa vizuri, na mtu arudishwe kwenye hatari. Waliona pia kwamba rufaa ya Mahakama Kuu, miaka mitano baada ya kuandikwa, hakuna mtu aliyekuwa ameitumia. Kwa hiyo haikuwa imejaribiwa. Serikali ya Rwanda ilipinga hukumu hiyo. Desemba 2023 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba mpya, wenye chombo kipya cha rufaa. Julai 2024 serikali mpya ya Uingereza ikaufuta mpango wote.

Wasikilizaji, historia hii inatufundisha kwamba haki iliyoandikwa inahitaji mtu wa kuidai. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Uliza una siku ngapi za kukata rufaa, na uhesabu tangu siku uliyopewa barua. Tunza nakala ya kila karatasi. Usiyejua kusoma, mpelekee unayemwamini akusomee yote. Halafu nenda kwa HCR au kwa wanaotoa msaada wa sheria mapema, kabla siku hazijaisha.



(Muziki wa kufungia)