Slufay ya Wairaqw na Macho ya Kyoto

Miaka ya 1960, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipiga kambi Mangola, kando ya Ziwa Eyasi, eneo lililokuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu. Msafara wao ulianzishwa na Kinji Imanishi, ambaye shabaha yake ya kwanza ilikuwa sokwe. Lakini baadhi ya wafuasi wake waliwageukia binadamu. Toshinao Yoneyama aliandika juu ya dhana za msingi za Wairaqw. Morimichi Tomikawa akawashughulikia Wadatoga, majirani zao hadi miguuni mwa Mlima Hanang. Naye Naomichi Ishige, mwaka 1969, akachapisha makala kuhusu kuenea kwa Uswahili huko Mangola, jambo ambalo wapenzi wa lugha yetu wangepaswa kulijua zaidi.

Mimi hunivutia zaidi Katsuyoshi Fukui. Mwaka 1970 aliandika makala nzima juu ya pombe ya Wairaqw: namna inavyopikwa na kazi yake katika jamii. Huenda msomaji akacheka. Hata hivyo, katika nchi aliyotoka, Soetsu Yanagi na wenzake walikuwa wamekwisha kubuni, mwaka 1925, neno *mingei*, kwa maana ya sanaa ya watu wa kawaida: bakuli la wali, kikapu, kitambaa cha kazi, vitu ambavyo uzuri wake huonekana katika kutumika. Sidai kwamba Fukui alimfuata Yanagi. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia penye fikra hizo hatashangaa kuambiwa kuwa kibuyu cha pombe kina falsafa.

Na kwa Wairaqw kinayo, maana penye pombe ndipo penye *slufay*. (Hiyo *sl* si s na l zikifuatana, ni sauti moja, pumzi ikipita pembeni mwa ulimi. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi.) Mzee hutamka mstari, waliohudhuria huitikia kwa pamoja, naye huendelea, shughuli au mkutano hufungwa hivyo. Huombwa baraka kwa Looa, nguvu ya mbinguni ambayo Wairaqw huiita mama. Huombwa maradhi na ugomvi viondoke, mvua na uzazi vije. Maji na asali ni mifano ya mapatano: vitu vinavyochanganyika bila kubishana.

Hapa ndipo washairi tunapobanwa. Tumezoea kupima kwa vina na mizani, kisha tukamsifu mtunzi kwa jina. *Slufay* haipimwi hivyo. Uzuri wake ni kama ule wa bakuli la Yanagi: umo katika kazi, na kazi yenyewe ni kutuliza watu waliokuwa wakibishana muda mfupi uliopita. Msemaji stadi husifiwa, naam, ila bila waitikiaji hana shairi.

Ndiyo maana naziogopa kidogo diwani zetu. Tukiichapa *slufay* kwa Kiswahili, tutaandika maneno ya mzee, na mwitiko tutauweka mara moja juu ya ukurasa, kisha tuuache ili kuokoa karatasi. Ningependa mhariri atakayeifanya kazi hiyo auchape mwitiko kila mara unapotokea, hata ukijaza nusu ya kitabu.